Mwaka Niliokuwa Picha ya Kipeperushi

Siku ya kuanua tanga la shemeji yangu Salvatori, wanawake walinivalisha helmeti yake ya kazini. Zamani ilikuwa ya njano. Sasa ilikuwa imepauka, na mkanda wa kidevuni ulikuwa umeungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mkewe, Skolastika, ni dada yangu, mtoto wa mama yangu mkubwa, na kwetu shemeji haji msibani kulia tu. Anatakiwa amwigize marehemu: atembee kama yeye, akohoe kama yeye, agombeze watu kwa mambo yale yale aliyokuwa akigombeza, mpaka wafiwa wacheke. Basi nikaivaa helmeti, nikajitokeza uani nimefunga mikono nyuma, nikaenda mpaka kwenye sufuria kubwa la wali. Nikainama, nikagonga figa moja kwa kidole na kuuliza kwa sauti yake nzito, "Mchanga wa mto gani huu?" Wakacheka, mmoja akaketi chini kabisa. Dada Skola naye alicheka huku akifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mafiga yale matatu ni mapande ya zege, pande zote sawa, na kila moja lina alama ubavuni: mstari mmoja mrefu na miwili mifupi. Nilipoigusa ile alama nilitamani kuivua helmeti hapo hapo na kwenda nyumbani kwangu.

Mambo ya baba na mama, ya kuzaliwa na ya shule ya msingi, nayaacha. Kila mtu ana yake na yangu hayana ajabu. Nataka mwaka mmoja tu. Sasa nina miaka hamsini na miwili, nafundisha hesabu sekondari hapa Mpanda, na wanafunzi wanasema nina hasira za karibu. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nina shahada ya kwanza ya uhandisi ujenzi, na nilikuwa nimeajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja katika kitivo cha uhandisi cha chuo fulani mjini mbali. Jina la chuo silitaji. Wengi waliohusika wamestaafu, wengine tumewazika, na katika hao wote sioni aliyekosa kuliko mimi. Kazi yangu iliitwa msaidizi wa udahili. Kitivo kilikuwa na shahada ya uzamili iliyokuwa ikikosa wanafunzi. Watu wenye akili wakiona kitu hakiendi huuliza kina ubovu gani. Sisi tuliuliza kitangazwe namna gani.

Ndipo akaletwa mpiga picha. Aliingia maabara asubuhi, akatazama huku na huku, akasema hapa hakuna cha kupiga isipokuwa ile pale kubwa. Ile kubwa ilikuwa mashine ya kubana zege. Kazi yake ni kulibana pande la zege mpaka lipasuke, ili ujue lina nguvu kiasi gani. Ilikuwa imefunikwa turubai la kaki, na juu ya turubai fundi wa maabara alikuwa amepanga vikombe vyake vya chai pamoja na kopo la sukari, kwa sababu mashine ilikuwa haijawaka tangu kabla mimi sijafika. Tukaondoa vikombe tukavipanga dirishani. Tukavuta turubai, tukaipangusa mashine kwa mafuta ya taa hadi ikang'aa. Nikavalishwa koti jeupe na helmeti mpya, nikaambiwa nishike mkono wa mashine na nitazame saa yake ya kipimo. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri. Mpiga picha akahama kidogo upande ili mwanga wa dirisha upige kioo na mshale usionekane. "Tabasamu, dada," akasema. "Kama vile imekupa jibu." Nikatabasamu. Alipomaliza, turubai likarudi, vikombe vikarudi, na sisi tukanywa chai pale pale tukitaniana kwamba nimekuwa nyota. Nasema ukweli, siku ile sikuona ubaya wowote.

Mratibu wa programu alikuwa mtu mpole. Ningependa kusema alikuwa mbaya, ingenisaidia, lakini alikuwa mpole, mwenye suti moja nzuri na desturi ya kumsalimia mfagizi kwa jina. Alitufundisha kazi ile ya kutafuta wanafunzi kwa uangalifu. Alisema mhandisi hanunui karatasi, mhandisi unamwonyesha chuma. Alisema tusithubutu kumwambia mtu kwamba chuo chetu ni kizuri. Tumwambie kwamba yeye ni mzuri mno kubaki hapo alipo. Alikuwa na daftari lenye majina mabichi na majina yaliyoiva. Jina bichi ni mtu aliyechukua kipeperushi. Jina lililoiva ni mtu aliyeuliza mashine ile inafanya nini. Kila jina lililoiva liliandikiwa barua inayoanza na salamu kwa familia, na barua za watu wa magharibi nilizisaini mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu huko ndiko kwetu. Aliniahidi kwamba darasa likijaa nitapewa nafasi ya mhadhiri msaidizi. Nilikuwa naitaka nafasi ile kwa moyo wote. Niliwaza mlango wenye jina langu, na niliwaza sana.

Tulikuja Mpanda kwa treni, mimi na yeye na maboksi manne ya vipeperushi, fulana na kalamu. Wakati huo hakukuwa na mkoa wa Katavi. Tulikuwa wilaya ya mwisho ya mkoa wa watu wengine. Tukapanga katika nyumba ya wageni mtaa wa Kashaulili, vyumba viwili vya kulala na kimoja tukakigeuza ofisi. Picha yangu ikabandikwa mlangoni mwa ofisi, kwenye duka la vipuri vya baiskeli, kwenye saluni na kwenye nguzo ya sokoni, jirani na tangazo la sabuni ya kufulia. Nikipita sokoni kununua nyanya nakutana na mimi mwenyewe nimeshika mashine, nimetabasamu, na chini maneno ya rangi nyekundu: Njoo ujenge unachokijua. Mama mmoja muuza dagaa aliyenijua tangu mdogo aliniita kwa sauti, "We Restituta! Kumbe nawe siku hizi unauzwa kwa mche?" Soko zima likacheka. Nilicheka nao, na nikajisikia mtu mkubwa.

Salvatori alikuwa mhandisi pekee katika ofisi ya maji ya wilaya. Yeye kwao ni Ugalla, watu wa mizinga, na alikuwa na tabia ya wafuga nyuki ya kukaa kimya akitazama kitu kimoja muda mrefu. Kilichomkosesha usingizi mwaka ule kilikuwa pete za zege za visima vya Mishamo. Wakazi wa huko, waliotoka Burundi, walikuwa wakichimbiwa visima, pete zinashushwa, mvua za msimu mmoja zinapita, pete zinapasuka na kisima kinajaa tope. Wakubwa walisema ni uvivu wa mafundi. Yeye alisema ni mchanga. Akaanza kuchukua mchanga wa kila mto na kijito, anamwaga mapande ya majaribio ndani ya visanduku vya mninga alivyochongewa na baba yake mdogo, yule yule aliyechonga mizinga ya ukoo. Zege likiwa bado bichi analichora kwa msumari ile alama ya mizinga ya kwao, mstari mmoja mrefu na miwili mifupi, na chini yake jina la mto. Halafu analizamisha kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba mpaka likomae. Baada ya hapo hakuwa na la kufanya. Alikuwa akilipiga kwa nyundo kubwa na kuhesabu. "Nahesabu nyundo, shemeji," aliniambia siku ya kwanza niliyofika kwake. "Hiyo siyo sayansi. Hiyo ni hasira tu."

Sikuhitaji kumtangazia. Alikuwa ameiona picha yangu kwenye duka la baiskeli, na alikuwa ameiva kabla sijafungua mdomo. Mratibu alipomwona aliandika jina lake juu kabisa ya ukurasa. Siku ya mkutano, katika ukumbi wa parokia, tuliwasha jenereta na kuonyesha picha ukutani: majengo, maktaba, mashine, mimi na mashine. Walikuja watu kama ishirini, wa barabara, wa maji, wa machimboni, na walimu wawili wa ufundi. Salvatori alisimama na kuuliza mashine inabana mpaka uzito gani, na je, mwanafunzi anaruhusiwa kuja na mapande yake mwenyewe. Mratibu akataja uzito bila kusita, akasema mwanafunzi atakuja na anachotaka, kisha akanigeukia kwa upole wake ule. "Mwulizeni mwenzenu. Yeye ndiye anaishi nayo." Wote wakanitazama. Nilitikisa kichwa kukubali. Sikusema neno hata moja. Kwa muda mrefu nilijiliwaza kwa hilo, kwamba sikusema neno.

Kesho yake mchana nilikuwa jikoni kwa mwenye nyumba ya wageni nikisubiri chapati. Mtandao wa simu ulikuwa unapatikana vizuri nyuma ya lile jiko tu, na Mratibu alikuwa amesimama pale akiongea na mtu wa kitivo. Ukuta ulikuwa wa mabati. Nilisikia kila kitu. "Kipuri hakiji, wamesema hakitengenezwi tena," alisema. Akasikiliza. "Hapana, tukiwaambia nani atakuja? Tukipata kumi na tano programu inaendelea, tusipopata inafungwa mwezi wa tisa na sisi tunafungwa nayo." Akacheka kidogo. "Huku kuna unafuu. Nina binti yao. Wakimwona wanalainika." Mama wa nyumba aliniwekea chapati mbili na chai ya maziwa, akaniuliza mbona nimesawajika. Nikamwambia ni jua. Nilizila chapati zote mbili, na naikumbuka ladha yake kuliko chakula chochote cha mwaka ule, zilikuwa zimeungua kidogo pembeni.

Jioni ya siku hiyo hiyo nilialikwa kwa Salvatori. Chumba chao cha mbele kilikuwa na viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, meza, redio, na ukutani kalenda ya parokia. Dada Skola alikuwa mjamzito, miezi minane, akitembea kwa kujishika kiuno na kukataa kusaidiwa. Alipika mchele wa Mpimbwe, maharage, na samaki wakavu, migebuka, kwa nyanya, na mwisho akaleta asali katika kikombe cha bati. Tulikula vizuri. Mimi na Salvatori tulikuwa tumezoea kutaniana kama mashemeji wanavyotaniana. Hakuna neno lililosemwa kati yetu kwa miaka mitano ambalo mtu mzima angeweza kuliamini. Alishawahi kuapa mbele ya padri kwamba nilimbadilisha dada yangu kwa baiskeli. Lakini jioni ile aliweka kijiko chini, akajifuta mdomo, akaniuliza taratibu: "Shemeji, nataka kuacha kazi. Nataka kwenda na mapande yangu. Ile mashine inafanya kazi?"

Nilikuwa na maneno ya nyuma ya jiko niliyoyasikia mchana. Nilikuwa pia na ule mlango wenye jina langu. Nikamtazama, nikavuta sauti yetu ya utani, nikasema: "Ile? Ile ilishakufa siku nyingi, shemeji. Tunawekea vikombe vya chai." Akaangua kicheko hadi wali ukamtoka puani. "Skola, mwone mdogo wako! Anaogopa nitampita!" Dada akacheka akishika tumbo, akisema mtoto naye anacheka huko ndani. Na mimi nikacheka. Nilikuwa nimesema kweli tupu, bila kuongeza wala kupunguza, na niliisema mahali pekee nilipojua haitaaminiwa. Kama ningetaka aniamini ningemwita nje, nikasimama, nikamwita Salvatori. Kwetu shemeji ukimwita kwa jina lake anajua utani umekwisha, anavua kofia na kusikiliza. Nililijua hilo nilipokuwa nafungua mdomo. Watu wakiniambia nilikuwa kijana nawashukuru, lakini nilikuwa na miaka ishirini na tisa na akili zangu timamu.

Kulikuwa na nafasi nyingine ya kusema kweli, na hii ndiyo sipendi kuikumbuka. Kabla hajaondoka alikwenda Ugalla kuaga, na mimi nilikwenda naye kwa sababu baba yake aliomba amwone binti wa kwenye picha. Kwao mtu anayekwenda mbali kwa muda mrefu haachi mizinga yake msituni ikimsubiri. Anaikabidhi kwa ndugu, na ndugu akishaipokea alama ya mwenyewe inachongwa inatoka, inawekwa ya mpokeaji, na hairudishwi hata kama aliyeondoka amerudi kesho. Tuliingia msituni asubuhi. Mizinga ya Salvatori ilikuwa imeteremshwa chini ya miti, mitupu, imepangwa mstari. Baba yake alichukua tezo akachonga ile alama mzinga mmoja baada ya mwingine, vipande vyembamba vya mti vikianguka miguuni pake, na binamu wa Salvatori, mtoto wa kaka yake mzee, akachora yake juu ya jeraha jipya. Katikati ya kazi mzee alipumzika, akanipa asali kwenye sahani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama," akaniambia, "mwanangu anaiacha mizinga anaifuata mashine yako. Umtazame." Mizinga mitatu ya mwisho ilikuwa bado haijaguswa alipokuja kunipa ile sahani. Ningeweza kusema hapo. Nikasema, "Nitamtazama, baba." Akarudi kwenye tezo yake.

Alifika chuoni na mapande kumi na mawili ndani ya magunia mawili, siku mbili njiani, na sijui aliwezaje. Nilimkuta mlangoni mwa maabara amesimama kando ya magunia yake akipangusa viatu kwa leso kabla ya kuingia. Fundi hakuwepo. Tukaingia wawili. Mashine ilikuwa mahali pake chini ya turubai, na juu ya turubai vikombe vinne, kimoja kina majani ya chai yaliyokauka, na kopo la sukari lenye chungu wachache. Salvatori alisimama akavitazama kwa ule utazamaji wake. Kisha akavichukua kimoja kimoja akavipanga dirishani, akavuta turubai, akatafuta swichi, akabonyeza. Akabonyeza tena. Akaushika ule mkono wa mashine, ule ule wa kwenye picha, akauachia. Aliponigeukia sikuona hasira usoni mwake, na ningetoa chochote niione. "Kumbe ulisema," alisema. "Ulisema, shemeji. Mimi ndiye niliyecheka." Nilitaka anipige. Badala yake aliniomba maji ya kunywa.

Alikaa miezi kumi. Kila mwezi waliambiwa kipuri kiko njiani, na kila mwezi waliambiwa wakati wanasubiri wachukue takwimu za vitabu. Yeye alisema vitabu havina mchanga wa Mishamo. Msimamizi wake alihamia nchi nyingine bila kuaga. Mapande yalikaa koridoni ndani ya magunia, magunia yakaoza, na watu wakaanza kuyaona mapande yanafaa kwa kazi nyingine. La mto mmoja likawa linazuia mlango wa maabara usipigwe na upepo, la mto mwingine mlango wa Mratibu, mengine yakawekwa juu ya mapaa ya mabanda yasipeperushwe, mengine sijui. Nilikuwa nikiyaruka kila siku nikienda kula chakula cha mchana. Mwanawe alizaliwa yeye akiwa huko. Alipata habari kwa simu yangu, akasimama dirishani muda mrefu, akasema aitwe Verediana. Darasa halikujaa mwaka uliofuata, programu ikafungwa kama ilivyotabiriwa, na Salvatori akarudi Mpanda na mapande matatu aliyoweza kuyapata. Mimi, kwa kuwa darasa la kwanza lilijaa, nilipewa ile nafasi. Barua ilikuja, mlango ukawekwa jina, nilikaa ndani yake miaka mitatu. Siku niliyoondoka hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Nafasi yake katika ofisi ya maji ilikuwa ya mtu mwingine. Mizinga ilikuwa na alama ya mtu mwingine, na yule binamu, kwa haya, alimletea ndoo ya asali kila msimu mpaka Salvatori akamwomba aache. Akawa fundi wa visima Mishamo, mtu wa kibarua, akishusha pete zile zile na kuzirudia zikipasuka. Zinapasuka mpaka leo. Mchanga gani, hakuna anayejua. Na katika miaka yote hiyo, kwenye harusi, kwenye kipaimara, kwenye kilabu, alikuwa na hadithi moja ambayo watu walimwomba aisimulie: alivyomwuliza shemeji yake kuhusu mashine, shemeji akamwambia inawekewa vikombe vya chai, akacheka, akaenda, akakuta vikombe vinne na kopo la sukari. Aliisimulia vizuri. Watu walilia kwa kucheka. "Mjinga mimi," alimalizia, "niliambiwa na mdomo wa binadamu." Alikuwa akinisamehe mbele za watu kila mara, akijitwika lile kosa yeye, na mimi nilikuwa nakaa hapo hapo nikicheka. Hata siku moja sikumwita kando nikamwambia: Salvatori, sikukuambia, nilijificha. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Halafu moyo wake ukasimama, mchana, akiwa amekaa nje ya nyumba anavaa viatu.

Sasa narudi kwenye tanga. Wali ulikuwa unaiva juu ya yale mafiga, na mimi nilikuwa bado na helmeti kichwani, nimeketi kwenye mkeka na wanawake, nikikohoa kikohozi cha marehemu kila mtu anapoomba. Verediana alikuja akachuchumaa mbele yangu. Amemaliza shahada ya uhandisi, na kwa kukosa kazi anauza misumari na saruji katika duka la vifaa vya ujenzi Kashaulili. Ana utazamaji wa baba yake. Alikuwa na simu mkononi.

"Mama mdogo, hawa wameniandikia," alisema. "Kwa jina langu kabisa. Wanasema mtu kama mimi nisibaki nilipo. Ni chuo kile kile cha Baba, wamefufua ile programu. Nataka niumalize ule mchanga wake. Mwisho wa kuomba ni leo."

Akanipa simu. Binti mmoja mzuri, koti jeupe, helmeti mpya, ameshika mkono wa mashine na kutabasamu kama imempa jibu. Mashine ilikuwa imepakwa rangi ya bluu. Mwanga ulikuwa umepiga kwenye kioo cha saa. Pembeni, chini, mlango ulikuwa umezuiwa na pande la zege, na ubavuni mwake, hafifu lakini naijua, mstari mmoja mrefu na miwili mifupi. Nyuma ya yule binti, dirishani, vilikuwa vimepangwa vikombe.

"Wewe ulikuwa ndani ya chuo kile," Vere alisema. "Wanasema mashine ni mpya. Ni mpya kweli?"

Wanawake wote walikuwa wakinitazama. Walikuwa wanasubiri shemeji ajibu. Kama ningeivua ile helmeti, nikaiweka kwenye mkeka, maneno yangu yangekuwa yangu. Mikono yangu ilikuwa kwenye simu. Jibu likatoka lenyewe, kwa sauti nzito ya Salvatori: "Mpya? Ile mpaka leo wanawekea vikombe vya chai!"

Uani kote kulilipuka kicheko. Walikuwa wanaijua, ilikuwa hadithi yake, walidhani namwigiza. Mmoja alipiga vigelegele. Dada Skola aliinama akajishika magoti. Na Vere, ambaye hakuwa amecheka tangu tumzike baba yake, alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaniegemea begani, akasema, "Hivyo hivyo, mama mdogo! Alikuwa anaisema hivyo hivyo!" Kisha akachukua simu yake mkononi mwangu, akasimama, akaenda kwenye kivuli cha paa akijifuta uso.

"Verediana," nikaita.

Akageuka. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya kioo, na uso wake bado una kicheko.

"Nimeshatuma, mama mdogo."

Helmeti ilikuwa bado kichwani.

"Hongera, mwanangu," nikamwambia.